Tunda Gani Liingie Kwenye Biskuti ya Idi? Kumi za Kilwa na Lindi, Tukianzia Mkiani

Usiku wa kuamkia Idi, Kilwa Kivinje nzima inanukia hiliki, na kila nyumba ina siri yake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Asubuhi siri hizo hupangwa kwenye sahani, hufunikwa kawa, hukabidhiwa watoto waliovaa nguo mpya, na kuvuka vichochoro kwenda kwa majirani. Jirani hatakwambia neno. Atarudisha sahani yako ikiwa na vya kwake, nawe utajua umesimama wapi.

Vileja, nangatai, biskuti za samli, hivyo hatugombanii. Ugomvi uko kwenye tunda: lile lililopikwa kwa sukari likakauka, likakatwakatwa, likatiwa ndani ya unga au likabandikwa juu. Majaji ni watatu. Wa kwanza mimi. Wa pili wifi yangu, anayeshuka na basi kutoka Dar es Salaam na mfuko wa vitu vya dukani. Wa tatu shangazi yetu wa Kivinje, ambaye kura yake ni moja, ila ndiyo inayohesabiwa.

10. Imeliwa

Ilikuwa hapa sasa hivi. Watoto wamepita. Tuendelee.

9. Vile vipande vya rangi vya pakiti

Vyekundu, vya kijani na vya njano, vinameta kama shanga za mwari. Wifi huvinunua Kariakoo na kuvimwaga mezani kwa madaha ya mtu aliyeleta ustaarabu kijijini.

"Hiki chekundu tunda gani, mwanangu?" shangazi akauliza.

"Matunda mchanganyiko, shangazi."

"Mchanganyiko wa nini na nini?"

Wifi akageukia simu yake. Basi nijibu mimi: ni papai. Chekundu papai, cha kijani papai, cha njano papai. Papai bichi hukatwa vidude, huchemshwa, hulazwa kwenye shira mpaka liwe la kupenyeza mwanga, kisha hugawanywa mabakuli na kila bakuli kutiwa rangi yake. Wahindi ndio mabingwa wa kazi hiyo. Na shangazi ana mpapai ua wa nyuma ambao kunguru wameshaumiliki. Sisi tunauacha na kulipia nauli ya ndugu yake aliyevaa joho jekundu.

Tangu siku ile shangazi anajitengenezea. Kabla ya kupika, vidude vyake huviloweka kwa muda kwenye maji ya chokaa yaliyotuama, kisha huviosha maji mengi mara kadhaa. Chokaa ndiyo inayokaza papai lisiwe uji ndani ya shira. Hiyo ni chokaa ya tambuu, ile inayoliwa na popoo, si ya kupaka ukuta. Nasisitiza kwa sababu huku kwetu mtu anaweza kuchanganya: Husuni Kubwa, kasri la masultani pale Kilwa Kisiwani, lilijengwa kwa mawe na chokaa ya matumbawe, na kuta zake zimesimama tangu karne ya 14. Biskuti hatutaki zidumu hivyo.

Mbona basi papai liko nafasi ya tisa? Kwa sababu halina ladha yake lenyewe. Ni sukari iliyopata mahali pa kukaa.

8. Zabibu kavu

Mheshimiwa huyu anajulikana kwa kazi moja: kukaa katikati ya kileja, peke yake. Zabibu moja, kileja kimoja. Mtoto anaing'oa, anaila, anarudisha kileja sahanini na kuchukua kingine.

Sina neno na zabibu yenyewe. Dodoma wanazilima, ingawa nyingi huishia kwenye mvinyo na hivyo haziwezi kualikwa Idi. Neno langu liko kwenye hiyo moja. Hapa ni Kilwa, jamani! Msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kutoa. Fakiri mmoja wa Yemeni alimkamata njiani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Leo mjukuu wa mji huohuo anahesabu zabibu kwa kidole.

7. Tende

Tende ni mwanafunzi aliyekuja shule anajua kusoma. Haihitaji shira, haihitaji kuanikwa, jua la Uarabuni limeshamaliza kila kitu juu ya mti. Ramadhani ikiisha hubaki zile za chini ya boksi zilizoshikana, na wajuzi huzisaga na hiliki na mdalasini, wakazifunga ndani ya unga. Wenye ndugu Muscat watakwambia huko hiyo si ubunifu, ni kawaida tu. Watakwambia pia bila kuulizwa.

Nafasi ya saba, kwa kosa la kutotaka jasho la mpishi.

6. Ganda la chungwa

Wifi aliliona kwenye simu. Unamenya, unachemsha, unamwaga maji, unachemsha tena, unamwaga tena, kwa sababu uchungu wa ganda hauondoki kwa mara moja. Halafu ndiyo shira. Tulipofika chemsha ya tatu, shangazi akauliza kwa upole kama chungwa lenyewe liko wapi. Tulikuwa tumeshalila.

"Basi," akasema, "mmekula chakula, sasa mnapika taka."

Likawa zuri, kusema kweli. Lina harufu, linauma kidogo ulimini, na kwenye biskuti ya samli linafanya kazi kuliko papai na zabibu wakiungana. Ila mkaa uliokwenda hapo ungetosha pilau.

Mapumziko kidogo: habari za moto

Tumetaja mkaa, na hapa lazima tusimame, maana tunda lolote utakaloweka halitakusaidia kama moto umekushinda.

Oveni za umeme zipo, umeme nao una siku zake. Wengi wetu tunaoka kwa sufuria kubwa: mchanga mkavu chini, kibati au vijiwe juu ya mchanga, chano cha biskuti juu yake, kisha mfuniko, na juu ya mfuniko unapalia makaa. Moto wa chini unauma, wa juu unatia rangi. Siri ni kuweka makaa machache chini na mengi juu. Anayegeuza hesabu hiyo hupata biskuti nyeupe uso, nyeusi tumbo, na kila anayeipokea huigeuza kwanza kabla ya kusema asante.

Kileja ndicho chenye madai zaidi. Unapiga samli na sukari mpaka ziwe nyeupe na mkono ukatae, unatia yai, hiliki, halafu unga wa mchele kidogokidogo. Unga wa mchele haushikani kama wa ngano, kwa hiyo ukipigapiga samli kwa uvivu, kileja kitapasuka kabla hakijafika mdomoni. Na tunda bichi humo ndani ni marufuku. Maji yake yatalainisha kila kitu, na hewa yetu ya pwani yenye unyevu itamalizia kazi usiku mmoja. Ndiyo maana tunda hupelekwa kwenye sukari kwanza: sukari inalivuta maji, nalo likiingia koponi halimwagi tena.

Na kwa kuwa tumekaa na moto, nichokoze kidogo. Gesi asilia ya Songosongo, kisiwa cha wilaya yetu hii ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kwenda Dar es Salaam kwa bomba kuzalisha umeme. Wifi huwasha jiko lake la umeme Mbagala kwa kubonyeza. Shangazi, jirani wa gesi, anapuliza mkaa na machozi yanamtoka. Nilipomweleza hayo wifi alisema, "Poleni." Shangazi akampa kipepeo.

5. Ubuyu

Sasa tunaingia kwenye matunda yenye jina. Punje za ubuyu zikipikwa kwenye shira na rangi nyekundu, pilipili, hiliki na chumvi kidogo, zikakorogwa mpaka sukari irudi kuwa kavu juu ya kila punje: hilo ni tunda la sukari kamili, na hakuna mtoto wa pwani asiyewahi kuonyesha ulimi mwekundu mbele ya mwalimu aliyekataza kula darasani.

Zanzibar wamechukua sifa zote. Ubuyu wa Zanzibar, utasikia bara zima, mpaka kwenye mabasi. Tunawapongeza ndugu zetu kwa biashara. Tunawakumbusha tu kwamba mibuyu haijawahi kuomba pasipoti, na ile ya Kilwa Kisiwani imeona sarafu zikipigwa na masultani wetu wakati wengine bado wanatafuta jina.

Tatizo ni kokwa. Punje nzima ndani ya biskuti ni kesi ya daktari wa meno. Suluhisho la shangazi: anatwanga ubuyu mkavu, anauchekecha, na ule unga mweupe anauchanganya na sukari na kuunyunyiza juu ya biskuti zikiwa bado zina joto. Uchachu wake unaukata utamu wa samli vizuri sana. Wifi alikula nyingi, kisha akasema zingependeza zaidi kwenye pakiti yenye nembo. Hakuna aliyemjibu, ingawa alikuwa na hoja.

4. Nazi

Kuna atakayenyanyua mkono: nazi nayo tunda? Ndugu, imeota juu ya mti, ina ganda, ina nyama, inaanguka. Keti.

Kashata ya nazi haina haja ya utangulizi. Kinachoipandisha nazi hapa ni uchumi wake. Unaikuna, unakamua tui zito la wali wa Idi, la pili la mchuzi, halafu yale machicha, ambayo kwingine hutupiwa kuku, unayakaanga taratibu na sukari na hiliki iliyotwangwa mpaka yakauke na kushika rangi ya dhahabu. Hapo yanaingia kwenye biskuti. Kuku wanalalamika, lakini kuku wa sikukuu hana muda mrefu wa kulalamika.

3. Bibo

Hili ndilo lililotugombanisha zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Ukitoka Kilwa kwenda Lindi wakati wa msimu wa korosho, chini ya mikorosho utaona matunda mekundu na ya njano yametapakaa, mengi yanaoza. Korosho imeshachukuliwa. Bibo limeachwa, kwa sababu halisubiri: leo limeanguka, kesho limechacha. Na lina ukakasi unaokamata koo, na maji yake yakidondoka kwenye kanzu, kanzu hiyo imepata alama ya kudumu. Kila mama wa huku ana kanga ya kushuhudia.

Mkorosho wenyewe ni mgeni. Kwao ni Brazili, na Wareno ndio walioueneza huku. Haohao waliopora Kilwa mwaka 1505. Basi na tuseme ndiyo fidia iliyofika kwa kuchelewa, na bila barua. Huko Brazili wapo wasiolitupa bibo: hulichemsha kwenye shira kwa muda mrefu mpaka liwe jeusijeusi, laini, likakaushwa, likauzwa kama tende. Sisi tunalikausha pia. Tunaliita kochoko. Ila nini hufuata kochoko ikilowekwa kila mtu anajua, na kinachotoka kwenye mtungi huo hakipelekwi msikitini.

Kwa hiyo nilipopendekeza biskuti za bibo kwa Idi, shangazi aliniangalia kwa muda.

"Unataka majirani waseme nini?"

"Ni tunda tu, shangazi. Limepikwa."

"Hata mjomba wako husema hivyohivyo. Ni tunda tu."

Tulipika. Bibo lililookotwa asubuhi, likakamuliwa, likachemshwa kwenye maji ya chumvi kidogo ili ukakasi upungue, likaoshwa, likaingia kwenye shira ya karafuu. Lilitoka na rangi ya kahawia na utafunaji wa nyama laini, na harufu ambayo sina tunda jingine la kuilinganisha nayo. Shangazi alikula kimoja amesimama mlangoni, akitazama nje, kana kwamba anaangalia mvua. Akala cha pili. Kisha akatoa hukumu: ziliwe nyumbani, zisitoke kwenye sahani za watu. Medali ya shaba, basi, na adhabu ya kifungo cha ndani.

2. Ufuta na korosho

Si matunda ya kuweka kwenye shira kwa jinsi tulivyoanza, najua. Wamepitia mlango wa nyuma, wakiwa wameshikana mikono, na hakuna mtu wa Lindi atakayewafukuza.

Ufuta ukikaangwa mpaka uanze kurukaruka, ukamwagwa kwenye sukari iliyoyeyuka bila maji, ukakandamizwa kwenye sinia lililopakwa mafuta na kukatwa kabla haujapoa (ukishapoa tafuta nyundo), hiyo ni kashata. Ukiivunja vipande vidogo na kuikandia kwenye unga wa biskuti, ikiiva sukari yake huyeyuka tena na kuacha vijishimo vyenye kutafunika. Korosho hufanyiwa vivyo hivyo, na samli kidogo.

Lakini jaribu kuipata hiyo korosho. Mikoa ya Lindi na Mtwara ndiyo kitovu cha korosho za nchi hii, na sehemu kubwa huuzwa mnadani ikiwa na ganda lake, ikapanda meli kwenda India na Vietnam kubanguliwa. Mwaka 2018 bei zilipogomewa na wakulima, Rais Magufuli alitangaza serikali inanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia kubeba. Nchi nzima ilikuwa inaongea habari za korosho. Shangazi alikuwa anaongea habari za biskuti: ghala limejaa hapo jirani, naye anatafuta kikombe kimoja cha zilizobanguliwa.

Kubangua nyumbani ni kazi ya mwenye subira. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu au mafuta viganjani. Hivyo ukiona kwenye sahani ya Idi biskuti yenye nusu ya korosho iliyokaa vizuri juu, usiing'oe na kurudisha kileja. Kuna kidole cha mtu hapo.

Wifi alileta korosho za pakiti, za chumvi, bei ya kukufanya ukae chini. Shangazi aliigeuza pakiti, akasoma mwaka wa kuisha muda, akasema: "Hawa watoto wetu wakienda mjini wanarudi wana maringo."

1. Embe

Kura tatu, sauti moja. Hata wifi.

Embe lina historia yake. Katika safari ileile ya 1331, alipokuwa Mogadishu, Ibn Battuta aliandika kuhusu embe: likiiva huliwa kama tunda, likiwa bichi ni kali kama ndimu na hufanywa achari, ikaliwa pamoja na wali. Kwa hiyo watu wa pwani hii walikuwa wanalihifadhi embe karne saba zilizopita, na kama walikuwa na chumvi na siki ya kulilaza, sioni kwa nini nasi tushindwe na sukari.

Na embe ndilo lenye sababu hasa ya kuhifadhiwa. Msimu wake hufuata jua: Desemba huku kusini yanaanguka juu ya mabati usiku kucha, hakuna anayelala wala anayenunua. Idi hufuata mwezi. Kila mwaka inarudi nyuma siku kama 11, haiulizi mwembe una nini. Mwaka 2025 Idi el-Fitri ilituangukia mwisho wa Machi, embe zimeshakwisha na masika yanabisha hodi. Bila sukari, hao wawili wangepishana miaka mingi kuliko ile ya kukutana.

Shangazi huchagua bolibo au dodo lililoanza kugeuka rangi, bado gumu, la kukataa kidole. Analimenya, analikata vipande vyembamba, anavipanga kwenye bakuli la udongo: tabaka la embe, tabaka la sukari, mpaka juu. Hatii maji. Asubuhi embe limejitolea shira lenyewe, bakuli limejaa. Anaimimina shira peke yake sufuriani, anaichemsha na hiliki na pilipili kavu moja, anairudisha juu ya embe ikiwa ya moto. Kesho tena hivyo. Keshokutwa tena, na kila mara shira inazidi kuwa nzito, mpaka ukiinyanyua kwa mwiko tone la mwisho linavuta uzi. Hapo vipande huchujwa na kuanikwa kwenye ungo chini ya chandarua. Mvua za Desemba za huku hazina adabu, kwa hiyo ungo una miguu: nje, ndani, nje, na jioni juu ya jiko lililobaki na majivu ya moto. Vikishaacha kunata vidoleni, huviringishwa kwenye sukari na kutiwa koponi, kopo likafungwa kwa kitambaa na kuwekwa juu ya kabati ambalo yeye anaamini watoto hawalifikii.

Wiki ya Idi hukatwa vidogo, vikapakwa unga mkavu ili visishikane, vikaingia kwenye mchanganyiko wa vileja. Ukiuma unapata kwanza samli, halafu mchele unaoyeyuka, halafu kile kipande: kitamu, kichachu, na mwishoni kabisa ile pilipili, inapita kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua. Shira iliyobaki hutiwa maji na ndimu ikawa sharubati ya wageni. Hakuna kilichotupwa, na kuku wamekosa tena.

Wifi ameomba afundishwe. Ameambiwa aje Desemba, si siku mbili kabla ya Idi na begi mkononi. Yeye, kwa kujua simu, akaangalia kalenda ya mbele na kutuletea habari: kwa hesabu ya mwezi, mwaka 2033 utakuwa na Idi el-Fitri mbili, moja siku za mwanzo za Januari na nyingine siku chache kabla ya Krismasi. Zote mbili ndani ya msimu wa embe, na majirani wetu Wakristo watakuwa na sahani zao njiani wiki ileile.

Shangazi aliyapokea hayo akiwa anafunga kopo.

"Embe mbichi mezani, Idi mara mbili, na Krismasi juu yake," akasema. "Mwaka huo mimi nitakula embe langu na kisu. Biskuti mtapika nyie."